Shobo: Ukaribu Usio na Ndama Nyuma Yake

Gari likishaacha Ngong na kupita Kimuka, barabara ya Suswa huanza kuteremka, na Bonde la Ufa hufunguka mbele ya abiria. Huko chini ndiko iliko Ewuaso Kedong, kituo cha biashara katika Kajiado Magharibi. Wadi yenyewe huandikwa Ewuaso Oo Nkidong'i. Ewuaso ni mto kwa Kimaasai, na nkidong'i hutokana na enkidong, kibuyu ambacho oloiboni, yaani mbashiri wa Kimaasai, hutikisia vijiwe vyake vya kubashiria.

Anayeshuka hapo husikia salamu za aina mbili. Ya kwanza huenda polepole. Mama huambiwa "Takwenya," naye hujibu "Iko." Mzee huambiwa "Sopa," naye hujibu "Epa." Kisha hufuata habari za watoto, za mifugo na za mvua. Ya pili huja mbio kutoka kwenye foleni ya pikipiki: "Mkubwa wangu! Mheshimiwa! Siste, leo umependeza, njoo nikupeleke!" Mwendeshaji mmoja akizidisha, akamshika abiria mkono na kumwita rafiki wa siku nyingi hali ndiyo kwanza waonane, mwenzake humgeukia na kumwambia: "Wee, acha shobo."

Neno hilo fupi lina kazi kubwa. Shobo ni uchangamfu uliopita kipimo, yaani kumchangamkia mtu kuliko uhusiano wenu unavyoruhusu. Anayecheka mzaha kabla haujaisha ana shobo. Anayemsifu bosi kila asubuhi kwa shati alilovaa ana shobo. Anayejipenyeza katika picha ya msanii na kumwita "ndugu yangu", hali msanii hamjui kwa jina wala kwa sura, naye ana shobo. Ni neno la mtaani, na vijana wa Dar es Salaam hulitumia kama wanavyolitumia wenzao wa Nairobi na Kitengela.

Japo lilizaliwa mtaani, limeingia katika sarufi ya Kiswahili bila taabu. Kitenzi chake ni kushoboka, na kikitiwa kiambishi cha kutendea huwa kushobokea. Tofauti ya viwili hivyo si ndogo. Mtu anaweza kushoboka peke yake, kwa mfano kwa sababu amenunua simu mpya na hataki mtaa mzima uikose. Lakini katika kushobokea ni lazima kuwe na wa kushobokewa. Ndiyo maana lawama iliyo maarufu zaidi, "Usinishobokee," imebeba watu wawili ndani ya neno moja: anayezidisha na anayezidishiwa. Kinacholalamikiwa ni nafasi iliyokuwa kati yao, ambayo mmoja ameivuka bila kukaribishwa.

Ukoo wa neno

Kiswahili kimelitazama jambo hili kwa muda mrefu, na kila pembe kimeipa jina lake.

Kujipendekeza kumetokana na kupenda. Kupendekeza ni kulifanya jambo lipendeke machoni pa wengine, na ndiyo maana kamati na tume hutoa mapendekezo. Anayejipendekeza amejigeuza mwenyewe kuwa pendekezo. Kujikomba kumetoka jikoni: kukomba ni kukwangua chungu au sufuria mpaka kisibaki kitu, na ajikombaye kwa mkubwa hukwangua hadhi yake vivyo hivyo. Kimbelembele ni mbele iliyorudiwa mara mbili, sifa ya mtu anayetangulia pasipo kutumwa. Kiherehere kilianza kifuani, kikiwa ni moyo kudunda kwa wasiwasi, kisha kikawa jina la hali ya mtu asiyetulia, anayejibu swali ambalo hakuulizwa.

Tanzania katika miaka ya karibuni imeongeza uchawa. Chawa ni mdudu anayejificha katika nywele na nguo za mtu na kuishi kwa damu yake. Mitaani ni jina la anayemganda tajiri, msanii au mwanasiasa, akimsifu usiku na mchana ili apate riziki. Wapo wanaojiita chawa wenyewe, tena kwa fahari.

Maneno haya hufanana lakini hayaingiliani kabisa. Kiherehere ni kosa la moyo usiotulia, kimbelembele ni kosa la kutokijua kiti chako, na kujipendekeza ni kosa la nia, kwa kuwa kuna kitu kinachotafutwa. Shobo ni kosa la kipimo. Mtu anaweza kuwa na shobo bila kutaka chochote. Amefurahi tu, na furaha yake imemwagika nje ya kikombe. Hapo ndipo shobo linapoachana na uchawa. Chawa anajua anachokifuata, lakini aliyeshoboka huenda hajui hata kwamba amevuka mpaka.

Upande wa pili wa mizani Kiswahili kina maneno ya sifa: bashasha, ukunjufu, uchangamfu. Mwenye bashasha humpokea mgeni kwa uso uliofunguka na kumwacha apumue. Mwana Kupona binti Msham, mshairi wa Pate aliyemtungia binti yake utenzi wa wosia mwaka 1858, aliweka adabu na ulimi mwema mara tu baada ya dini, akieleza kuwa hivyo ndivyo vitakavyomfanya apendwe kila atakapoingia. Kupendwa katika wosia huo ni tunda la adabu, na mtu halichumi kwa kujipendekeza.

Methali nazo zilifika mapema. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza" ni onyo dhidi ya bidhaa na pia dhidi ya mtu. Anayepokea sifa za uongo husemwa amevikwa kilemba cha ukoka, kilemba cha majani ambacho jua la mchana halitakiacha kibichi. Anayebembelezwa kwa maneno matamu pasipo msaada wowote husemwa amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Jina linalotolewa na mfugo

Katika Ewuaso Kedong neno shobo limekuta utamaduni ambao tayari ulikuwa na kipimo chake. Wamaasai hukiita enkanyit, yaani heshima, na mtoto huanza kuifundishwa kabla hajajua kuchunga mbuzi. Akikutana na mkubwa huinamisha kichwa na kusubiri. Mkubwa humgusa utosini, na salamu imekamilika. Hakuna kurukiana shingoni, na mtoto hana haja ya kuonyesha kwa kelele kwamba amefurahi. Kule kusubiri ndiko salamu yenyewe.

Mfano wenye nguvu zaidi uko katika namna wanavyoitana. Watu wawili waliopeana mfugo huweza kuacha majina yao na kuitana kwa zawadi hiyo. Waliounganishwa na ndama huitana Paashe. Waliounganishwa na ng'ombe huitana Pakiteng, wa kondoo huitana Paker, na wa mbuzi huitana Pakine. Jina ni la pande mbili: aliyetoa na aliyepokea huitana vivyo hivyo. Anayewasikia wazee wawili wakiitana Paashe kando ya barabara hujua kuwa nyuma ya wito huo kuna mnyama aliyetoka zizi moja akaingia jingine, na huenda wajukuu wa mnyama huyo wako malishoni siku hiyohiyo.

Hapo ndipo "mkubwa wangu" ya kwenye foleni ya pikipiki inapoonekana upungufu wake. Ni jina la ukaribu lisilo na ndama nyuma yake. Mchuuzi aliyewasili juzi, akajifunza "sopa", "ashe oleng" (asante sana) na "yeyo", kisha akaanza kumwita kila mwanamke anayepita yeyo, yaani mama, hajatukana mtu. Amejifunza lugha, na hilo ni jema. Ila amechukua kwa siku moja jina ambalo wengine walilipata kwa kulelewa, kuoana au kusaidiana wakati wa ukame.

Kaunti ya wageni

Kuna sababu ya Kajiado kulihitaji neno hili kuliko zamani. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 687,312 katika kaunti nzima. Sensa ya 2019 ilihesabu 1,117,840. Katika miaka kumi waliongezeka watu zaidi ya 430,000, na wengi walihamia kutoka Nairobi na kwingineko wakitafuta nyumba nafuu na ardhi. Kitengela, iliyo kwenye barabara ya Namanga, ilivuka wakazi 150,000. Oktoba 2019 reli ya kisasa kutoka Nairobi hadi Naivasha ilizinduliwa, ikipita Ngong na kuteremka bondeni kuelekea Suswa, na macho ya wanunuzi wa ardhi yakaifuata.

Watu wasiojuana wanapokutana kwa wingi hivyo, kila mmoja huja na kipimo chake cha salamu. Aliyelelewa Mombasa au Lamu huona salamu ya neno moja kuwa ukavu: lazima aulize habari za nyumbani, za watoto na za tangu juzi. Aliyekulia mitaa ya Nairobi husema "Niaje," huitikiwa "Poa," na kila mtu akashika njia yake. Kuna familia ambamo anayeingia nyumbani humpa mkono kila aliyeketi, hata wawe ishirini, na kumruka mmoja ni kumdharau. Kwa hiyo tendo lilelile linaweza kuwa adabu upande mmoja wa ua na shobo upande wa pili. Wanaoshangaa kwa nini majirani wao wa Kitengela "wanaringa" na wanaoshangaa kwa nini majirani wao "wana shobo" mara nyingi wanaishi kwenye ploti moja.

Palipo na ardhi ya kuuzwa, jambo hilo hugeuka kuwa la pesa. Sheria ya mwaka 1968 iliwezesha Wamaasai kusajili ardhi kwa vikundi, katika yale yaliyoitwa ranchi za vikundi. Baadaye ranchi nyingi zikagawanywa kwa familia, na vipande vikaendelea kukatwa hadi kufikia kiwanja cha futi 50 kwa 100. Kati ya mwenye ardhi na mnunuzi akasimama broka, na mtaji wa broka ni uso. Humwita mzee baba, humpigia simu kila jioni kuuliza afya yake, na huenda akaja na sukari na majani ya chai.

Wapo mabroka waaminifu, na sukari si dhambi. Lakini mzee anayemsikia mtu asiye wa ukoo wake akimwita baba mara tano katika mazungumzo mamoja ana sababu ya kujiuliza kitakachoombwa mwishoni. Sheria nayo haitazami tabasamu. Shamba la kilimo halihamishwi bila kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inataka ridhaa ya mume au mke kabla ya mali ya ndoa kuuzwa. Familia zilizosimama imara kwenye hatua hizo mbili zimepata muda wa kupumua, muda ambao shobo hupenda kuupunguza.

Si ardhi tu: siasa nayo ina shobo lake, na Kenya ililiona kwa ukubwa wa taifa. Septemba 1984 Rais Daniel arap Moi aliwataka hadharani mawaziri, manaibu wao na wengineo waimbe kama kasuku baada yake, akieleza kuwa yeye alifanya vivyo hivyo zamani za Mzee Jomo Kenyatta. Sifa ikawa kipimo cha utiifu. Aliyepiga makofi kidogo alionekana kuwa na jambo moyoni, na aliyepiga mengi alilazimika kesho yake kupiga zaidi. Mfumo wa vyama vingi uliporudi Desemba 1991, mashairi ya sifa hayakukoma. Yaligawanyika tu kati ya wasifiwa wengi.

Jambo la kale

Yeyote anayedhani kuwa shobo ni ugonjwa wa kizazi cha simu angeshangazwa na Theophrastus. Huyu alikuwa mwanafunzi wa Aristotle huko Athens, na katika karne ya nne kabla ya Kristo aliandika kitabu kifupi cha michoro ya tabia za watu. Mmoja wa watu wake ni yule anayetaka kumpendeza kila mtu. Humwamkia mwenzake akiwa bado mbali, humshika kwa mikono miwili na hamwachii, humsindikiza hatua chache, humwuliza watakutana lini tena, na huondoka akiwa bado anamsifu. Akialikwa chakula huomba watoto waitwe, na wakiingia husema wanafanana na baba yao kama tini zinavyofanana. Zimepita zaidi ya miaka 2,300, na kijana yeyote wa Kitengela angemtambua mtu huyo mara moja na kumpa jina.

Wanaisimu wa karne ya 20 walijaribu kueleza kwa nini mtu huyo huchosha. Penelope Brown na Stephen Levinson, katika kitabu chao kuhusu adabu ya lugha cha mwaka 1987, walisema kila mtu ana uso wa kulindwa, na uso huo una matakwa mawili. La kwanza ni kupendwa na kukubaliwa. La pili ni kuachiwa nafasi, asisukumwe wala kuingiliwa. Aliyeshoboka hulisha takwa la kwanza kwa mikono miwili huku akilikanyaga la pili. Humwambia mtu "nakupenda sana" na papo hapo kumnyima ruhusa ya kuchagua kama anataka kupendwa hivyo. Ndiyo sababu anayeshobokewa huona uzito hata pale ambapo maneno yote aliyoambiwa ni mazuri.

Mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, alilitazama tabasamu kwa upande wa mwenye kulitoa. Mwaka 1983 alichapisha utafiti kuhusu wahudumu wa ndege, ambao kazi yao iliwadai wawe na furaha mbele ya abiria kama sehemu ya mshahara. Alionyesha kwamba kutoa hisia kwa malipo ni kazi, tena kazi inayochosha. Maneno yake yanamhusu pia kijana wa bodaboda wa Ewuaso Kedong. "Mheshimiwa" anayoimwaga asubuhi si unafiki mtupu. Pikipiki yenyewe huenda imechukuliwa kwa mkopo, wenzake kumi wako kwenye foleni, na abiria ni mmoja. Sauti yake ndiyo tangazo pekee alilo nalo.

Neno lenye makali mawili

Kwa wasichana neno hili limekuwa ngao. Kituoni, mwanamume asiyemjua anapomfuata msichana kwa sifa za umbo na maswali ya anakoishi, "Usinishobokee" humpa kauli fupi inayosikika na wote. Haimlazimu aeleze, wala haimlazimu atabasamu ili asionekane ana kiburi. Inasema tu kwamba kuna mpaka, na kwamba umeonekana.

Lakini neno hilohilo likielekezwa vibaya huumiza. Darasani, mwanafunzi anayeinua mkono kila mara huambiwa na wenzake ana kiherehere. Anayemsalimia mwalimu nje ya shule huambiwa anajipendekeza. Anayemshangilia rafiki aliyepata alama nzuri huambiwa ana shobo. Mtoto akisikia hayo mara kadhaa hujifunza kushusha mkono. Ofisini, mfanyakazi mpya aliyekuja na moyo mkunjufu hujifunza kunyamaza kabla ya mwezi kwisha, na wenzake husema sasa amekuwa mtu mzima. Hii ndiyo hasara ambayo wanaolitumia neno wanapaswa kuiona. Jamii inayoogopa shobo kupita kiasi hufika mahali ambapo hata asante ya dhati husemwa kwa mashaka.

Dawa yake si kulifukuza neno. Kinachosaidia ni kulitumia panapostahili, kwa kuangalia mambo mawili rahisi. Je, anayechangamkiwa amepewa nafasi ya kukataa? Na je, uchangamfu huo utabaki siku ambayo hakuna cha kupatikana? Mwanafunzi anayeinua mkono hamnyimi mtu nafasi. Anayemshangilia rafiki atamtembelea pia akifeli. Hao hawana shobo, wana bashasha, na Kiswahili kina maneno mawili kwa sababu mambo ni mawili.

Katika Ewuaso Kedong majibu ya maswali hayo huja kwa muda. Kuna wenye maduka waliofika bila kumjua mtu, wakaanza kwa maneno mengi kama kila mgeni. Siku zikapita. Maneno yakapungua, na salamu zikarefuka kwa namna nyingine. Mwenye duka akajua ni mtoto wa nani anayesoma mbali, ni ng'ombe wa nani aliyeharibu mimba, na ni lini mvua ilinyesha upande wa Suswa bila kuvuka huku. Ukame ukaja, akatoa unga kwa daftari na asiulize kila wiki. Mvua iliporudi na zizi likapata uhai, siku moja mzee akafika dukani na kondoo, akamkabidhi mwenye duka kamba, akauliza habari za watoto kama kawaida, kisha akaaga. Tangu hapo, wakikutana barabarani, mwenye duka haitwi mkubwa wala mheshimiwa. Mzee humwita Paker, naye hujibu kwa jina hilohilo.